Lenzi Mbili, Mkoba Mmoja

Kimumu, Eldoret
Jumapili, 26 Januari 2025

Wangeci,

Mkoba unaondoka kesho na gari la saa mbili asubuhi. Ndani kuna lenzi zetu mbili, ile ya milimita themanini na tano ya kupigia nyuso, na ile pana. Nimezipangusa. Kuna pia kifuniko ambacho si chetu.

Nilikipata kwenye mfuko wa pembeni, pale tunapoweka vitambaa. Kifuniko cha nyuma cha lenzi, cheusi, kipya. Nikajaribu kukifunga kwenye themanini na tano, kikakataa. Nikajaribu kwa ile pana, kikakataa. Ni cha kampuni nyingine. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kuliko plastiki ya aina hiyo inavyostahili.

Sikuulizi. Nakurudishia tu.

Harusi ya jana ilikuwa Moi's Bridge, kwa watu wa mahindi. Kanisa lina madirisha madogo kama ya ghala, lakini themanini na tano ilimwona bibi harusi kana kwamba amesimama nje uwanjani. Nilikuwa nikizungusha pete ya fokasi kwenye lenzi hiyo na kukumbuka siku tuliyoinunua, mwaka wa mwisho chuoni, wewe na pesa za maandazi uliyokuwa ukiuza hosteli, mimi na pesa za kuchapia watu miradi. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari kwamba hakuna atakayeuza bila neno la mwenzake. Ulipopata kazi kwa studio ya Nakuru, kila mtu alituambia tugawane, kila mmoja achukue lenzi moja. Tukakataa. Jumamosi yako, Jumamosi yangu, na barua ndani ya mkoba kila unaposafiri, kwa sababu WhatsApp ni ya wateja.

Mildred wa ofisi ya vifurushi anasema hajawahi kuona mkoba unaopendwa hivi. Ananiuliza kama tumebeba mtoto.

Kifuniko ni cha nani? Nimesema siulizi. Naona nimeuliza.

Nekoye

*

Nakuru
Jumatatu, 3 Februari 2025

Inspekta Nekoye,

Kifuniko ni cha Brigid. Weka pingu chini.

Brigid ana chumba chake cha picha ghorofa ya juu yetu. Ni mtu wa kwenu huko magharibi, ana kicheko cha jenereta inayokataa kuwaka, na anakunywa chai kwa jagi, si kwa kikombe. Tunakula chakula cha mchana pamoja. Siku hiyo tulikuwa tunalinganisha vitu vyetu mezani, kifuniko chake kikaingia kwa mkoba wetu. Basi. Hiyo ndiyo kesi yote.

Lakini kwa vile umenifungulia mlango, niingie. Brigid ana moja ya zile kamera wanaita mirrorless, hazina kioo ndani. Nimeishika mara mbili tatu. Nekoye, ile kitu inashika jicho la mtu na haiachilii! Bibi harusi akigeuka, inamfuata. Akipita nyuma ya shangazi mnene, inamngoja atokee. Kazi yako ni kuamua tu ni saa ngapi ubonyeze.

Nataka tuhamie huko. Sikia hesabu kabla hujaanza kupumua kwa pua. Lenzi zetu mbili sokoni leo ni kama elfu themanini na kitu, mwaka ujao hazitafika sitini, kwa sababu kila mtu anakimbia hizi kamera za kioo. Nusu yangu arubaini. Kamera yangu yenyewe arubaini na tano. Nina akiba ya hamsini. Kamera kama ya Brigid, mtumba safi, ni laki moja na thelathini. Inatosha! Lenzi nitakuwa naazima kwake mpaka nijipange.

Ninachohitaji ni neno lako.

Nimekuwekea kadi ya picha za harusi ya juzi, unipangie albamu kama kawaida. Mama akikuuliza huko dukani, mwambie nakula vizuri.

Wako,
Wangeci

*

Kimumu, Eldoret
Jumapili, 9 Februari 2025

Wangeci,

Nimefanya hesabu mara tatu, kwa kalamu, nikiwa nimetulia. Au nikijifanya nimetulia.

Ukitoka kampuni moja kwenda nyingine hununui kamera, unaoa ukoo mzima. Lenzi zetu hazitaingia kwake. Ya kupigia nyuso, ya kampuni hiyo, mtumba, elfu sitini. Pana, sabini. Betri moja ya kamera yetu inamaliza harusi na sherehe ya jioni na bado ina nguvu. Hizo za akina Brigid zinataka tatu au nne. Mwisho wa safari umetumia karibu laki tatu, na mteja ataiangalia picha kwa simu iliyopasuka. Ukitaka isiyo na kioo, kampuni yetu pia inaziuza. Laki moja na hamsini, pamoja na adapta ya elfu kumi na tano, na lenzi zetu zinaendelea kufanya kazi kama jana. Hakuna kinachouzwa. Mkoba unabaki mkoba. Mtu anayepima thamani ya pesa yake angeanza na njia hiyo. Wewe ni binti wa mwenye duka, unajua bei ya kiberiti kwa maduka matatu. Kwa nini hukuiona?

Unasema utaazima kwa Brigid. Umemweka Brigid kwenye hesabu kana kwamba ni kifaa. Brigid ni mtu. Anaweza kuolewa Busia kesho akaenda na kila kitu.

Sasa lingine. Unajua kila picha hubeba maelezo yake ndani: saa, kasi, aina ya kamera, na jina la mwenye kamera kama aliliandika. Sijawahi kuyafungua ya kwako. Ijumaa niliyafungua, jinsi wanawake wengine wanavyofungua simu ya mume akiwa bafuni. Picha mia sita na kumi na mbili. Jina la mwenye kamera: Brigid. Inayofuata, Brigid. Niliendelea kubonyeza nikijua nitakachokiona. Umesema uliishika mara mbili tatu. Ulipiga harusi nzima nayo. Lenzi zetu zililala Nakuru wiki nzima bila kuguswa, na ukanirudishia na barua tamu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha ni nzuri. Kila kope iko mahali pake. Nilitafuta zilizokosea mpaka nikaunguza maharagwe. Nilipata mbili, nikazifurahia kama mtu aliyeokota pesa.

Sitoi neno langu. Lenzi haziuzwi. Picha ni jicho, Wangeci. Mashine ikikutafutia jicho la bibi harusi, wewe pale ni nani? Ni mtu wa kubeba tu.

Albamu iko tayari.

Nekoye

*

Nakuru
Jumatatu, 17 Februari 2025

Nekoye,

Umenipekua. Hata mama yangu, ambaye anahesabu mayai yaliyo ndani ya kuku, hajawahi kunipekua.

Ndiyo, nilidanganya. Nilipiga harusi yote na kamera ya Brigid. Nilijua ukisikia hivyo hutasikia kingine chochote, na ndivyo ilivyokuwa.

Hiyo njia yako ya adapta niliiona, na niliijaribu. Kuna jamaa hapa anayo hiyo ya kampuni yetu ya laki moja na hamsini. Haishiki macho vizuri, inapepesuka. Ile inayoshika, ya kampuni yetu, ni laki mbili na nusu. Sina. Ya akina Brigid inashika, na bei yake naiweza, na kuna mtu ghorofa ya juu wa kuniazima lenzi. Kwangu hiyo ndiyo thamani. Mtu hanunui kitu kizuri kuliko vyote, ananunua kinachomfanyia kazi anayohitaji. Nahitaji, Nekoye. Sijasema napenda. Kuna sababu, na si ya kuandika kwa karatasi.

“Mtu wa kubeba tu.” Hiyo nimeiweka mahali.

Lakini nina ombi na utalijibu kama mtu mzima. Tarehe moja Machi ni Jumamosi yangu. Brigid ana harusi yake Molo, anaenda na kamera yake. Mimi nina harusi hapa mjini. Bibi harusi anaitwa Muthoni, na mama yake ndiye anakodisha mahema na viti karibu kila harusi ya Nakuru. Akipenda picha zangu, mwaka mzima sitalala njaa. Nitatumia kamera yangu ya zamani. Kanisa ni la mawe, ndani giza tupu, na hicho kilenzi kidogo kilichokuja na kamera hakioni kitu humo.

Themanini na tano iwe ndani ya mkoba. Aki ya Mungu, usiniangushe.

Wangeci

*

Kimumu, Eldoret
Jumatatu, 24 Februari 2025

Wangeci,

Samahani, themanini na tano ina shida. Jumamosi, katikati ya ubatizo, mota ya fokasi ilikwama. Iko kwa fundi, anasema wiki mbili.

Lakini sikukuacha mikono mitupu. Nimekuwekea ya Mzee Elphas, ile ya kuzungusha fokasi kwa mkono. Urefu ni uleule wa themanini na tano, inaingia kwa kamera yako bila shida, na inapokea mwanga zaidi hata ya yetu. Mzee amepiga harusi nayo miaka ishirini na tisa, kwenye studio yake hapo nyuma ya soko, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika. Aliifunga kwa kitambaa mwenyewe, akaniambia, “Mwambie Wangeci hii haina betri ya kuzimika. Inataka mtu awe macho tu.”

Chuoni ulikuwa unanishinda kwa fokasi ya mkono. Unakumbuka? Mwalimu alikuwa anakuita mbele utuonyeshe. Ulikuwa unazungusha bila kufikiri, kama mtu anayechanganya chai. Nilikuwa nakaa mstari wa pili na nilikuwa nakuonea wivu mpaka mikono ikanitoka jasho. Sijawahi kukuambia hilo.

Nadhani itakuwa vizuri kwako kuizungusha tena. Utaona kwamba huhitaji ile nyingine.

Nekoye

*

Nakuru
Jumatatu, 3 Machi 2025

Nekoye,

Mkoba umerudi kwako na vitu vyote. Usiutume tena.

Nilipiga picha mia nne na thelathini na moja ndani ya kanisa. Zinazofaa ni ishirini na sita, na kwa hizo, kumi ni za maua. Nguzo za kanisa zimetoka safi sana. Kama Muthoni angekuwa ameolewa na nguzo, leo ningekuwa tajiri.

Nilipozionyesha jana, mama yake alivaa miwani, akavua, akaipangusa, akavaa tena. Akaniuliza, “Huyu ni binti yangu ama ni mvuke wa chai?” Mashangazi wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, ikawa mbaya zaidi. Muthoni mwenyewe aliziangalia zote, moja moja, akitafuta uso wake.

Nimewarudishia elfu ishirini waliyotanguliza. Bwana Mungai, mwenye studio, hakunigombeza. Aliniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana.

Lenzi ya Mzee Elphas haina kosa, mpe asante yangu. Wewe pia huna kosa. Ulisema picha ni jicho. Ulisema kweli.

Wangeci

*

Kimumu, Eldoret
Jumapili, 9 Machi 2025

Wangeci,

Hii nimempa mama yako aitume, ndani ya mzigo wako wa unga. Usiitupe kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho, tupa.

Nilipokuwa nikisoma barua yako ya Jumatatu nilifurahi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na lingine nitalificha. Nilisoma ile ya mvuke wa chai nikiwa nimesimama mlangoni, na kitu ndani yangu kikakaa chini kwa raha. Nilijiambia: sasa ameona. Sasa atarudi kwenye mkoba. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba sina kosa.

Themanini na tano haikuharibika. Haikuwahi kufika kwa fundi. Ilikuwa kabatini mwangu, imezungushiwa leso, wakati wewe ulikuwa kanisani unaitafuta sura ya mtu. Nilikutumia ile ya kuzungusha makusudi. Nilitaka ukumbuke ulivyokuwa kabla ya Brigid. Nilifikiri ni mtihani utakaoupita ukiwa umefunga macho.

Sikujua, Wangeci. Hiyo si kujitetea. Nakuambia tu nilivyojua.

Jana nilienda dukani kwa mama yako kununua sukari nusu kilo.

“Nusu?” akasema. “Hiyo utaweka kwa chai ama utapaka kwa mdomo?” Halafu akainama kupima, akaniuliza bila kuniangalia, “Sasa mwenzako mmeamua aje? Daktari amesema mwezi huu usiishe.”

“Daktari gani, Mama?”

Akaacha kupima. “Wee! Kwani hajakuambia?”

“Aliniambia,” nikasema. “Nimesahau tarehe tu.”

Unaona? Hata hapo nilidanganya. Sikutaka mama yako ajue kwamba kuna kitu chako ambacho mimi sikijui. Basi akaendelea, akidhani tunazungumza habari moja.

“Hilo jicho la kulia ndilo baya. Kwa mbele linachongoka kama ncha ya yai, na la kushoto linaanza. Tangu Novemba! Nilimwambia aache hiyo kazi aje tuuze unga, akanirukia kama jogoo. Ati kuna kamera itamwonea. Nikamuuliza, na ukivuka barabara, kamera itakuonea lori? Bahati yule Brigid ndiye alimpeleka hospitali. Msichana mzuri sana huyo. Ananipigia hata simu.”

Nililipa sukari nikaiacha kwenye kaunta.

Nimetembea na hilo tangu jana. Nataka kukuambia kwamba nilifikiria macho yako kwanza. Sivyo. Kwanza nilifikiria kwamba Brigid alijua. Novemba, Desemba, Januari, mkoba ulikuja na kwenda na barua zako zote za vichekesho, na yeye alijua na mimi sikujua, na mama yako ana namba yake. Macho yako niliyafikiria baadaye, nilipofika kwangu. Nilifunga jicho langu moja nikajaribu kusoma maandishi yako, kisha nikaona upuuzi wa ninachofanya, nikaacha.

Hayo ndiyo unayopaswa kuyajua. Haya ndiyo niliyoyafanya.

Nimetoa neno langu, na nimeziuza. Asubuhi hii, baada ya misa. Aliyenunua ni Jebet, anayeanza kupiga picha huko Plateau. Alizijaribu zote mbili kwenye kamera yake, akampiga picha mbuzi wa jirani, akaangalia, akasema “Ala!” Alifurahi kiasi kwamba nilimchukia. Amelipa elfu themanini na mbili. Nilianza kukutumia zote. Kidole kilikuwa juu ya simu. Halafu nikajua ninachofanya: nilitaka kila ukishika kamera yako mpya unikumbuke mimi, na si Brigid. Nikafuta. Nimekutumia nusu yako, arubaini na moja. Nimeongeza elfu ishirini uliyomrudishia mama Muthoni, kwa sababu hiyo ni gharama ya uongo wangu, usiihesabu kama zawadi.

Bwana Mungai nimempigia simu. Nimemwambia lenzi uliyotumia haikufaa na kwamba mimi ndiye niliyeficha iliyofaa. Habari ya macho sikuigusa. Ni yako.

Nunua ile inayoshika. Hesabu yako ilikuwa sahihi na yangu ilikuwa mbaya. Yangu ilijumlisha lenzi, betri na adapta, na haikukuweka wewe popote.

Sina barua nyingine ya kukuwekea mkobani, kwa sababu hakuna mkoba.

Nekoye

*

Nakuru
Jumatatu, 17 Machi 2025

Nekoye,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Mara ya kwanza niliisoma hapa studio, nikatupa kiatu ukutani. Brigid akagonga sakafu kutoka juu akidhani namwita chai.

Acha nikuambie kitu kabla sijaanza kuwa mpole, maana najijua. Ulichofanya ni kibaya. Nilisimama mbele ya kanisa zima, jasho likinitiririka mgongoni, nikizungusha ile pete kulia, kushoto, na kila nilipoona uso umekaa sawa, kumbe naona nyuso tatu zimepandana na nimechagua ule wa katikati. Nilidhani jicho limeisha kabisa. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Na wewe ulikuwa na lenzi kabatini, umeivisha leso.

Sijakusamehe. Nitakuambia nikikusamehe, usiniulize kila wiki.

Sasa kwa nini sikukuambia. Unadhani nilimchagua Brigid nikakuacha. Wee, Brigid hakuchaguliwa na mtu. Alinikuta kwenye ngazi nikiisalimia ndoo ya mwenye kudeki. “Habari ya asubuhi, Mama.” Ndoo! Na imevaa kitambaa juu. Alicheka ile jenereta yake mpaka akakaa chini, kisha akaacha, akaniangalia vizuri, akaniuliza ni tangu lini. Angekuwa ni wewe uliyepita kwenye ngazi, ungejua wewe.

Lakini hukuwa kwenye ngazi, ulikuwa kwenye barua. Na kwenye barua mimi ndimi yule wa mbele darasani anayezungusha bila kufikiri. Nilikuwa najua unanionea wivu. Si ulikuwa unavunja kalamu! Nilipenda. Nikikuambia macho, unanihurumia, na huruma yako naijua, ingeanza kunibeba, kunipangia, kuniamulia barabara ya kuvuka. Nilitaka mtu mmoja duniani aendelee kunionea wivu. Sasa unaweza kucheka.

Pesa zimefika. Ile ishirini nimeichukua na sikushukuru. Kamera nilinunua Alhamisi. Jumamosi nilipiga uchumba wa watu Njoro, lenzi ya kuazima, na kila jicho liko mahali pake. Wananiuliza kama nimesomea Ulaya. Bwana Mungai naye aliniuliza ni nani huyo aliyempigia simu akilia kana kwamba amefiwa na lenzi. Nikamwambia ni mshirika wangu wa zamani. Nilisema “wa zamani”. Nilitaka ujue nilisema hivyo.

Daktari ni tarehe ishirini na saba, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Watanidondoshea dawa ya njano kwenye jicho la kulia, kisha waliangazie mwanga wa buluu kama nusu saa. Halitapona, ila litaacha kuchongoka. Baadaye nitavaa zile lenzi ngumu za machoni, kwa hivyo hatimaye nitakuwa na lenzi ambazo hatuwezi kugawana. Siku hiyo jicho litafungwa na hilo lingine pia ni la kubahatisha, na hospitali wamesema sitoki bila mtu wa kunishika mkono hadi nyumbani, akae usiku, aniwekee matone kila baada ya muda fulani. Mama hawezi kuacha duka.

Brigid amejitolea. Nimemwambia nina mtu.

Usilie pale hospitalini, kwa sababu utaniambukiza na daktari amekataza. Usiombe msamaha. Na usije na kamera.

Wangeci

*

Kimumu, Eldoret
Jumatano, 19 Machi 2025

Wangeci,

Nitafika Jumatano ijayo jioni, siku moja kabla. Sitalia. Matone nitayaandikia saa kwenye karatasi na kubandika ukutani, na wewe utanicheka.

Nimesoma hayo maneno mawili, “nina mtu”, mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele yako. Mara ya kwanza nilikaa chini. Mara ya kumi nilianza kujiuliza ulimwambia kwa sauti gani, na yeye alikujibu nini, na kama aliumia.

Natamani awe ameumia kidogo. Hilo ndilo litakalokuja nami kwenye gari, na sijui nitaliacha wapi.

Nekoye